Hewa ya Ziwa na Mawe ya Mgodi wa Shaba

Kipande cha azuraiti, madini ya shaba ya bluu, chaweza kukaa ardhini maelfu ya miaka bila kupoteza hata ncha moja ya fuwele zake, kisha kikafia Kirumba, hapa Mwanza, kwa dakika kumi, ndani ya beseni la maji yaliyotiwa siki. Aliyekiosha hakuwa na nia mbaya, alitaka king'ae. Mawe mengi ya shaba huku kwetu hayaharibikii mgodini. Yanaharibikia nyumbani: kwenye beseni, kwenye pamba, kwenye kabati lililopigwa na hewa ya ziwa, au mkononi mwa mtu aliyetupa kikaratasi kilichokuja na jiwe. Makala hii inafuata njia hiyo, tangu jiwe linapookotwa kwenye kifusi hadi linapotulia kwenye boksi lake.

Mwanza yenyewe haina shaba ya kuonyesha. Mawe yanayolipa jiji sura yake, Jiwe la Bismarck likiwemo, ni graniti, na graniti hii haina mishipa ya kijani wala ya bluu. Shaba ya Kanda ya Ziwa hukaa pamoja na dhahabu. Waliofuatilia suala la makinikia mwaka 2017 wanakumbuka makontena yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam: mchanga ule kutoka Bulyanhulu na Buzwagi ulikuwa na shaba, kwa sababu sehemu ya dhahabu ya huko imeshikana na kalkopairiti, madini ya shaba, chuma na salfa. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Migori nchini Kenya, mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966. Uganda kuna Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulioanza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Shaba yake iliyeyushwa Jinja, ukingoni mwa ziwa hilihili, kwa umeme wa bwawa la Owen Falls.

Lakini mgodi wa shaba kuwa karibu haina maana kwamba mawe mazuri yako karibu. Shaba ikiwa chini kabisa imefungwa na salfa: kalkopairiti ya njano kama shaba nyeupe iliyosuguliwa, bonaiti ya kahawia yenye wekundu, na pembeni yake pairiti, ambayo ni chuma na salfa bila shaba, inayoshinda zote kwa wingi. Mvua na oksijeni vikishuka kutoka juu kwa muda mrefu, salfa inaungua polepole, shaba inayeyuka na kusafiri kwenye maji ya ardhini hadi ikutane na kitu cha kuikamata. Ikikutana na chokaa inakuwa malakaiti ya kijani au azuraiti ya bluu. Ikikutana na silika inakuwa krisokola, na mara chache, pale mazingira yanapokubali, daioptesi yenye kijani cha zumaridi. Penye oksijeni kidogo inabaki kupraiti nyekundu au shaba tupu. Haya yote hutokea kwenye tabaka la juu la mgodi, na tabaka la juu ndilo linalochimbwa kwanza. Ndiyo sababu sampuli bora za migodi ya zamani zilitoka miaka ya mwanzo, zikapita mikononi mwa watu ambao wengi wao walizipeleka kwenye tanuru. Mgodi wa Tsumeb kule Namibia, maarufu kuliko yote Afrika kwa azuraiti na daioptesi zake, ulifungwa mwaka 1996. Kilichopo sasa ni kile kilichokwisha kutoka, na hakiongezeki.

Kwa hiyo mtu wa Mwanza anayeanza kukusanya ana njia mbili: mawe ya salfa kutoka migodi ya jirani, na mawe ya kijani na bluu yanayosafiri njia ndefu kutoka Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Matunzo yake ni tofauti kabisa, na kuyachanganya ndiko kunakoua mengi.

Kwenye kifusi

Duara la zamani, yaani shimo la mgodi, si mahali pa kuingia. Pairiti inapooza hula oksijeni ya hewa, hivyo shimo lisilo na upepo laweza kuonekana safi, halina moshi wala harufu, na mtu akaishiwa nguvu kabla hajatambua. Matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, yameoza, na maji yaliyosimama yanaficha kina. Kila kinachofaa kukusanywa kinaweza kupatikana juu, kwenye kifusi, yaani yale ambayo wachimbaji wa Geita huyaita magwangala, kwa ruhusa ya mwenye leseni ya eneo.

Wakati mzuri ni asubuhi baada ya mvua kubwa, vumbi likiwa limeoshwa na rangi zikionekana. Usivutwe na kila doa la kijani. Mara nyingi ni ngozi nyembamba iliyopakwa juu ya jiwe la kawaida. Tafuta matundu. Fuwele hukua mahali penye nafasi tu, kwa hiyo jiwe lenye mapango madogo, hata likiwa chafu na la rangi ya kutu, lina matumaini kuliko jiwe gumu la kijani lisilo na tundu. Pima kwa mkono: jiwe lenye shaba au salfa huwa zito kuliko ukubwa wake unavyodai. Usilivunje hapohapo kwa nyundo. Lifunge kwa karatasi, litie kwenye mfuko wake peke yake, na ndani ya mfuko weka karatasi yenye tarehe na sehemu ya kifusi ulipolitoa. Mawe mawili kwenye mfuko mmoja yatasagana kabla basi halijafika Tarime.

Kuhusu sheria ni kwa ufupi, lakini si jambo dogo. Jiwe la madini, hata kama ni la urembo, ni madini. Kununua na kuuza kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, na kulitoa nje ya nchi kunahitaji kibali kinachotolewa na Tume ya Madini. Anayeingiza jiwe kutoka Kenya kupitia mpaka wa Sirari ana sheria za pande mbili za kuheshimu, ikiwemo ile ya Kenya ya mwaka 2016. Ulizia kwenye ofisi ya madini kabla ya safari, si baada ya kufunguliwa begi mpakani.

Mawe ya uongo

Malakaiti ndiyo inayoigwa zaidi. Ile ya plastiki au ya unga wa jiwe ulioshikwa kwa resini ina mistari minene ya kijani na nyeusi iliyopangika mno, kama kitenge kilichochapwa kwa mashine. Malakaiti ya kweli ina mistari isiyolingana: mmoja mwembamba kama unywele, wa pili mpana, kisha duara linalojikunja na kukatika ghafla pale tone lilipokutana na tone lingine. Lakini macho hudanganyika, mizani haidanganyiki.

Chukua mizani ya jikoni ya kidijiti, afadhali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pima jiwe kavu na uandike. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza kitufe isome sifuri, funga jiwe kwa uzi mwembamba na ulining'inize lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 210 linalosukuma mizani hadi 54 linatoa takribani 3.9, na hiyo ni malakaiti, ambayo hukaa kati ya 3.6 na 4.05. Kipande cha resini chenye sura ileile kitakuwa chini ya hapo, mara nyingi mbali sana. Azuraiti ni karibu 3.8, kalkopairiti 4.2, pairiti 5, kupraiti 6.1, shaba tupu 8.9, na krisokola hushuka hadi kwenye 2 na kitu. Kipimo hiki kinafaa kwa kipande kilicho madini matupu. Kama fuwele zimekaa juu ya mwamba wa kawaida, unapima mchanganyiko, na jibu halitakusaidia. Na usizamishe krisokola wala azuraiti ya udongo, maana zinakunywa maji, wala kitu chochote unachoshuku kuwa kalkanthaiti.

Kalkanthaiti inastahili maneno yake. Ni madini ya bluu kali yanayojijenga kwenye kuta za migodi ya shaba, na kwa kemia hayana tofauti yoyote na mrututu unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Yeyote mwenye ndoo, maji ya moto na mrututu anaweza kukuza fuwele kubwa za kupendeza kwa wiki chache, akazigandisha juu ya jiwe na kuziita za mgodini. Hakuna kipimo cha nyumbani kitakachozitenganisha na za kweli, kwa sababu ni kitu kilekile. Ushauri wangu ni kulipa bei ya mrututu na si zaidi, isipokuwa jiwe liwe na historia iliyoandikwa.

Lile jiwe la rangi zote, linalometa zambarau, bluu na dhahabu, huuzwa kama bonaiti. Mara nyingi ni kalkopairiti iliyochovywa kwenye asidi. Kwaruza sehemu iliyofichika chini kwa ncha ya sindano: ikitokea njano ya shaba nyeupe ni kalkopairiti, ikitokea kahawia yenye wekundu ni bonaiti. Na kama rangi imepaka kila upande kwa usawa, hata kwenye mivunjiko mipya, ilitoka kwenye beseni la mtu.

Kwa fuwele zilizogandishwa kwa gundi, ile tochi ndogo ya kukagulia noti inatosha. Zima taa, pitisha mwanga wake kwenye maungio. Gundi nyingi hung'aa kwa weupe au bluu ilhali madini ya shaba yanabaki giza. Jiwe lililogandishwa si haramu. Haramu ni kulificha.

Beseni

Jiwe likifika nyumbani, lisioshwe siku hiyo. Lipige picha, lipe namba, andika ulichoambiwa. Uchafu wenyewe ni ushahidi: kutu, udongo mweupe na vipande vya mwamba vinaeleza lilitoka tabaka gani.

Kusafisha kuna ngazi, na kila ngazi unapopata matokeo ya kuridhisha unasimama hapo. Kwanza pulizo. Pampu ndogo ya mpira ya kusafishia masikio ya mtoto inatosha. Pili brashi laini, mswaki wa mtoto mchanga au brashi ya kujipodolea, ukielekea upande fuwele zinakoelekea. Tatu kijiti cha mwanzi kilichochongwa kwa udongo ulioganda kwenye matundu. Chuma hapana, kwa sababu ugumu wa malakaiti na azuraiti ni 3.5 hadi 4, na sindano ya chuma itaacha mstari ambao hautaondoka.

Ngazi ya nne ndiyo maji, na hapa maji ya bomba na ya ziwa yote yana kasoro: yakikauka yanaacha chumvi zake juu ya fuwele. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Angalia chupa mara mbili, kwa kuwa pembeni yake huwekwa asidi ya betri yenye chupa inayofanana. Dondosha tone juu ya soda ya kuokea kabla ya kuyatumia. Yakitoa povu ni asidi, na yangelimaliza jiwe mbele ya macho yako. Kama udongo ni mzito, weka matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo katika lita moja, loweka kwa nusu saa, piga brashi, badilisha maji, rudia. Mara tano za nusu saa ni bora kuliko usiku mzima. Suuza kwa maji yasiyo na sabuni, kausha kivulini mbele ya feni kwa siku mbili. Jua la saa saba mchana si rafiki: kupraiti huwa nyeusi juu ikipigwa na mwanga kwa muda mrefu, na azuraiti hupoteza uhai wa bluu yake kwa joto. Oveni na jiko la mkaa visitajwe.

Yapo mawe ambayo maji yenyewe ni kosa. Krisokola inakunywa maji, na ikikauka inapasuka nyufa kama tope la mbuga ya mpunga mwezi wa nane. Malakaiti ya manyoya, ile yenye nyuzi laini kama mahameli, ikilowa nyuzi zinashikana na hazisimami tena. Hizi ni pulizo tu, na hata brashi zisiguswe nayo.

Sasa siki, ndimu, soda za kunywa, dawa ya choo. Malakaiti na azuraiti ni kabonati. Asidi yoyote, hata ya ndimu, inazitoa povu, na povu hilo ni jiwe lenyewe linaloondoka. Mng'ao wa fuwele uko kwenye ngozi yake ya juu kabisa. Ngozi hiyo ikiliwa, hata kidogo sana kiasi cha kutopimika, jiwe linakuwa butu kama kioo kilichosuguliwa mchanga, na hakuna mafuta wala nta itakayolirudisha. Asidi ya oksaliki, inayosifiwa kwa kuondoa kutu kwenye kwatzi, nayo inakula kabonati. Dawa za kusafishia zenye amonia ni hatari nyingine, maana amonia inayeyusha shaba hata pasipo asidi. Kutu juu ya malakaiti iache. Malakaiti yenye kutu ina thamani, malakaiti iliyoliwa haina.

Kwa shaba tupu kuna desturi ya kusugua kwa ndimu na chumvi, kama akina mama wanavyosafisha sinia. Inang'aa kweli, kwa wiki moja au mbili. Kisha kloridi ya ile chumvi iliyobaki kwenye vijishimo inaanza kazi na unyevu wa hewa, yanatokea madoa ya unga wa kijani hafifu, na kila ukisugua yanarudi. Waliohifadhi vitu vya kale vya shaba wanaujua ugonjwa huu vizuri. Mahali penye unyevu kama pwani ya ziwa haupoi. Shaba tupu yenye weusi wake wa asili ni nzuri jinsi ilivyo.

Ugonjwa wa pairiti

Hili ndilo jambo ambalo mkusanyaji wa Mwanza, Musoma au Bukoba anapaswa kulijua kuliko mengine yote, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi zenye hewa kavu au zenye nyumba za kupashwa joto.

Pairiti ni chuma na salfa. Ikipata oksijeni na unyevu inageuka kuwa salfeti ya chuma na asidi ya salfa. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60, mwendo unaongezeka sana, na masika na vuli kando ya ziwa hewa hukaa juu ya kiwango hicho siku nyingi mfululizo. Dalili ya kwanza ni harufu, kama kiberiti kilichozimwa, unapofungua droo. Halafu unga wa kijivu au njano hafifu, halafu nyufa, kwa kuwa salfeti inachukua nafasi kubwa kuliko pairiti iliyoizaa na inalipasua jiwe kutoka ndani. Karatasi chini yake inakuwa kahawia na kumomonyoka. Asidi hiyohiyo ikifika kwenye malakaiti ya jirani inaila.

Anayetaka kuona ukubwa wa jambo hili aangalie Kasese. Makapi ya Kilembe, pairiti yenye kobalti, yalirundikwa wazi kwa miongo. Mvua zikayaosha, asidi ikashuka tambarare hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuacha mkondo usioota majani. Baadaye, kuanzia mwaka 1999, rundo lilelile lilichakatwa kupata kobalti, na waliofanya kazi ya kuyeyusha pairiti walikuwa bakteria, viumbe walewale wanaoharakisha uozo huo penye unyevu. Kilichofanyika kwenye rundo lile ndicho kinachoanza kwenye droo, kwa kipimo cha kijiko.

Kinga yake ni boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, silika jeli, na kipima unyevu. Kwa silika jeli hesabu gramu 20 kwa kila lita ya boksi. Boksi la lita 5 linahitaji gramu 100. Vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vina gramu moja au mbili tu, kwa hiyo vitatu kwenye boksi kubwa ni mapambo. Mchele haufai, unachukua unyevu kidogo na unakaribisha wadudu. Nunua silika jeli inayobadili rangi. Ikiisha nguvu, itandaze kwenye sinia la bati, ipashe oveni kwenye nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu mpaka rangi irudi, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa. Ile ya bluu inayogeuka pinki ina kobalti na ni sumu, isipashwe kwenye oveni ya chakula.

Kipima unyevu cha bei nafuu husema uongo, lakini unaweza kukipima. Jaza chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, ongeza matone machache ya maji iwe kama uji mzito bila kuyeyuka, weka pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Baada ya saa 12 hewa ya ndani itakuwa asilimia 75. Kama kinasoma 68, unajua kila mara unaongeza 7.

Pairiti iliyokwisha kuugua itenganishe siku hiyohiyo. Usiioshe; maji ndiyo chakula cha ugonjwa. Toa unga kwa brashi kavu ukiwa umevaa barakoa, tupa boksi na karatasi iliyoguswa (nakili maandishi kwanza), kisha iweke juu ya silika jeli nyingi hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 40 na ubaki huko. Wapo wanaotumia mvuke wa amonia kuua asidi. Kwa pairiti tupu unasaidia, lakini kwa jiwe la mgodi wa shaba lenye malakaiti au kupraiti pembeni utaponya moja na kuua jingine.

Na usifikiri ukavu ni dawa ya kila jiwe. Kalkanthaiti ina maji ndani ya fuwele zake, na ukiifungia na silika jeli itayatoa, bluu ikififia hadi unga mweupe. Yenyewe inataka kiboksi chake kilichozibwa, bila silika jeli, mbali na maji na mbali na kiangazi kikali. Kwa hiyo lazima kuwe na maboksi mawili tofauti, la salfa na la kalkanthaiti, na malakaiti na azuraiti zikae kwenye rafu ya kawaida isiyo na jua.

Kabati la mbao linapendeza, ila mbao mpya, plaiwudi na mbao za kubandikwa kwa gundi hutoa mvuke wa asidi hafifu ndani ya droo iliyofungwa. Droo za plastiki ngumu ni salama zaidi. Anayependa mbao aache kabati jipya wazi miezi kadhaa kabla ya kuweka jiwe.

Kupunguza na kufunga

Jiwe kubwa lenye fuwele upande mmoja hulazimika kupunguzwa. Nyundo inatuma mtetemo hadi kwenye fuwele, na daioptesi, yenye mpasuko kamili, inakatika pale usipoitarajia. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu ya chuma yenye patasi mbili zinazotazamana, ya chini imeshikizwa, ya juu inasukumwa na jeki ya gari ya tani 5 au 10. Weka patasi kwenye mwamba, upande wa nyuma, kamwe si karibu na fuwele. Pampu polepole, ngoja, pampu tena. Jiwe litalia kidogo kisha lipasuke. Funika kwa kitambaa kinene na vaa miwani ya kazi, vipande huruka. Grainda iwe ya mwisho, na ikitumika iwe na maji, kwa kuwa vumbi la malakaiti ni sumu ya kuvuta.

Usukumani pamba ipo kila mahali, na hapo ndipo kosa linapozaliwa. Pamba isiguse fuwele. Nyuzi zake hujifunga kwenye ncha, na unapoitoa unang'oa fuwele pamoja nayo. Tumia karatasi laini ya chooni isiyo na manukato, mizunguko mingi, kisha gazeti, kisha boksi dogo lililojaa hadi lisitikisike. Jiwe la nyuzi au la sindano halifungwi kabisa: lishikize kwa upande wake wa chini ndani ya kiboksi kigumu, pasiguse kitu chochote juu, kisha kiboksi hicho kikae ndani ya boksi kubwa lenye sponji pande zote. Kwenye basi kaa nalo miguuni. Buti la basi ni la mahindi.

Sumu na mionzi

Usirambe jiwe. Wapo wanaopima krisokola kwa ulimi, kwani inanata, lakini vumbi la kifusi cha mgodi wa zamani laweza kuwa na aseniki na risasi. Osha mikono, weka mbali na watoto. Na mawe ya kijani ya Katanga yakaguliwe kwa umakini zaidi: karibu na Likasi kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya mwaka 1945, na Musonoi karibu na Kolwezi nako kuna madini ya urani. Tobenaiti, mojawapo ya madini ya urani, ni ya kijani cha zumaridi na inavutia sana, lakini hukaa kwa vibamba bapa vya pembe nne kama vigae vidogo. Malakaiti haijengi vigae. Ukiona vibamba hivyo, jiwe lisiingie chumba cha kulala. Likae kwenye boksi lililofungwa mahali penye hewa inayopita, na lisikatwe wala kusuguliwa.

Kikaratasi

Kwenye jiwe lenyewe, upande wa chini na juu ya mwamba si juu ya fuwele, paka doa dogo la rangi nyeupe lenye ukubwa wa punje ya mchele. Likikauka andika namba kwa wino mweusi usiofutika, funika kwa tabaka jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi. Namba ileile iandikwe daftarini na kwenye kikaratasi. Kalamu ya risasi ni bora kuliko kalamu ya wino wa kawaida, kwa sababu haififii wala haitawanyiki ikipata unyevu.

Andika jina la madini, mgodi, mji, mkoa, nchi, tarehe, uliponunua na bei. Kama muuzaji hakutaja mgodi, andika "mgodi haukutajwa". Usikisie. "Labda Kolwezi" leo, baada ya miaka kumi mtu ataisoma kama Kolwezi.

Kama jiwe limekuja na kikaratasi cha zamani, hata kimechakaa, hata jina la madini limekosewa, kiweke kwenye mfuko wake wa plastiki pamoja na chako. Majina ya mahali yanabeba miaka. Kikaratasi kinachosema Jadotville kiliandikwa na mtu aliyezoea jina la kabla ya mwaka 1966, mji huo ulipoitwa Likasi. Kinachosema Elisabethville nacho ni hivyo, kabla ya kuwa Lubumbashi. Na kikisema "Shaba, Zaire", hapo Mswahili anasoma bila mkalimani: ndilo jina lililopewa Katanga enzi za Mobutu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwaka 1997. Kinachosema Mkoa wa Lualaba mara nyingi ni cha mwaka 2015 au baada yake. Jiwe lenye vikaratasi vitatu vya wamiliki watatu lina bei nyingine kabisa na pacha wake asiye na hata kimoja, hata kama fuwele zao zinalingana ncha kwa ncha.

Kama umelirekebisha kwa gundi, liandike hilo nalo, mahali hasa ulipogandisha na mwaka.